Bwana na Mtumwa: Maana ya Ungamo "Yesu ni Bwana" katika Kiswahili cha Mombasa

Utangulizi

Mojawapo ya maungamo ya kale kabisa ya imani ya Kikristo ni fupi mno. Kwa Kiyunani lina maneno mawili, na kwa Kiswahili matatu: Yesu ni Bwana. Wanatheolojia wameliandikia vitabu vingi. Katika taaluma ya lugha halijapewa nafasi kubwa, labda kwa sababu neno bwana ni la kila siku. Lasikika sokoni, nyumbani na barazani, na kilichozoeleka aghalabu hakiulizwi.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba katika Mombasa, mji ambamo kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili ilianzishwa, neno hilo halikuwa jepesi hata kidogo. Lilikuwa neno la miliki na la sheria kabla halijawa neno la ibada ya Kikristo. Hoja itakayotetewa ni hii: ungamo hilo hupata maana yake kamili pale tu neno bwana linaposikika pamoja na mwenziwe, yaani mtumwa; na tafsiri yoyote iwatengayo wawili hao, hata kwa nia njema ya kupunguza uchungu, hupunguza pia uzito wa ungamo lenyewe.

Matumizi ya neno bwana

Kuhusu asili ya neno hili, wapo waliodhani kwamba limetokana na Kiarabu abuna, yaani baba yetu. Ushahidi wa dhana hiyo si imara, na wala hauhitajiki hapa. Maana ya neno huamuliwa na matumizi yake. Yafaa kutenga matumizi manne.

Kwanza, bwana hutangulia jina la mtu kama alama ya heshima. Mshairi mashuhuri wa Mombasa, Muyaka bin Haji (1776–1840), hutajwa kwa desturi kuwa Bwana Muyaka. Waislamu wa Mji wa Kale humtaja Mtume Muhammad kuwa Bwana Mtume, na hapana hata mmoja miongoni mwao anayedhani kwamba kwa kufanya hivyo amemnasibisha na uungu. Pili, ni neno la kuitia au kuitikia, nalo katika mazungumzo limechakaa kiasi cha kuwa kiungo tu cha usemi. Tatu, ni mume kwa mkewe. Nne, ni mwenye mali, na hasa mwenye watu. Katika orodha ya maneno iliyomo katika kitabu cha lugha cha Edward Steere, kilichotolewa mwaka 1870, maana inayotangulia ni ya mwenye watumwa, ndipo ifuatapo ile ya mwenye nyumba. Mpangilio huo haukuwa wa bahati. Ulionyesha jinsi neno lilivyofahamika katika miji ya pwani wakati huo.

Tofauti kubwa kati ya matumizi hayo ni ya kimuundo. Bwana likitangulia jina, kama katika "Bwana Muyaka", halihitaji kijalizo, hakuna aulizaye "bwana wa nani?". Lakini likiwa kiarifa, kama katika "Fulani ni bwana", swali hilo huzuka mara moja. Neno huwa ni la uhusiano, kama yalivyo baba, jirani au mke: mmoja hawi bila ya mwingine. Hapana baba asiye na mwana, wala hapana bwana asiye na mtu aliye wake.

Kutokana na hayo, "Bwana Yesu" na "Yesu ni Bwana" si kauli moja iliyopinduliwa maneno. Ya kwanza yaweza kusikika kama heshima tupu, na Mwislamu wa Kibokoni angeweza kuisikia pasipo kushtuka sana. Ya pili ni dai. Inaacha nafasi wazi, nayo nafasi hiyo hujazwa na yule anayeungama: akisema Yesu ni Bwana, amekwisha kujitaja yeye mwenyewe kuwa ni mtu wa nani.

Kyrios na bwana

Neno la Kiyunani lililotafsiriwa kwa bwana ni kyrios, nalo lina upana unaokaribia sana ule wa neno la Kiswahili. Katika Injili ya Yohana, sura ya 4, mwanamke Msamaria anamwita Yesu kwa neno hilo kabla hajamjua ni nani. Hapo ni adabu tu ya mtu kwa mgeni. Katika mifano ya Yesu, kyrios ni mwenye shamba au mwenye watumwa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 25, liwali Festo analitumia kwa Kaisari aliye Roma. Na katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ya Agano la Kale, iitwayo Septuaginta, ndilo neno lililochukua nafasi ya jina la Mungu wa Israeli, ambalo Wayahudi hawakulitamka kwa kicho.

Mtume Paulo anapoeleza katika Warumi 10 kwamba wokovu umo katika kukiri kwa kinywa kuwa Yesu ni kyrios, na kisha akaleta maneno ya nabii Yoeli juu ya kuliitia jina la Bwana, anayaunganisha matumizi hayo: jina lililokuwa la Mungu peke yake sasa linatajwa juu ya Yesu. Lakini maana ya Kaisari na ya mwenye watumwa haikutoweka. Katika karne ya pili, Polikarpo, askofu wa Smirna, aliuawa kwa kuwa alikataa kumkiri Kaisari kwa cheo hicho. Wenye mamlaka hawakuona kwamba alikuwa akibishana juu ya adabu ya usemi. Walielewa kuwa mtu aliyekwisha kuwa na kyrios hana nafasi ya mwingine.

Swali linalofuata ni kwa nini watafsiri hawakutumia Mola. Neno hilo lilikuwapo, nalo lilikuwa na heshima kubwa katika tenzi na dua. Asili yake ni Kiarabu mawla, neno la ajabu lililoweza kumaanisha bwana na pia mtumwa aliyeachwa huru, kwa kuwa lilitaja kifungo kilichowaunganisha wawili hao. Lakini katika Kiswahili lilikwisha kubanwa: Mola ni Mungu tu. Mwenziwe ni mja, neno ambalo katika Kiswahili cha kale lilikuwa na maana ya mtumwa, na ambalo baadaye likaja kumtaja mwanadamu yeyote mbele ya Muumba wake.

Yafaa kuliangalia jambo hili kwa makini. Msamiati wa dini katika Mombasa ulikuwa tayari umejengwa juu ya jozi ya bwana na mtumwa kabla ya mmisionari wa kwanza wa karne ya 19 kufika. Mwislamu aliposema kwamba yeye ni mja na Mungu ni Mola, alitumia mfano uleule. Katika imani yake, Isa mwana wa Maryamu ni mtume mtukufu, naye pia ni mja. Ubishi wa Mkristo na Mwislamu katika mitaa ya Ndia Kuu haukuwa, basi, juu ya kama mwanadamu ana bwana. Juu ya hilo walikubaliana. Ulikuwa juu ya upande gani wa jozi hiyo Yesu awekwe. Neno bwana, kwa kuwa lilikuwa na milango mingi, lilimruhusu msikilizaji aingie kwa mlango wa heshima na kufikishwa hatua kwa hatua hadi kwenye dai. Neno Mola lingemfungia mlango tangu mwanzo. Hiyo ilikuwa faida ya bwana, na pia hatari yake, kwa maana wapo wanaoingia kwa mlango wa heshima wakabaki ukumbini.

Mji wenye mabwana

Jina la Yesu lilikwisha kuandikwa juu ya kisiwa cha Mombasa karne mbili na nusu kabla ya tafsiri ya kwanza. Wareno walipojenga ngome yao kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, waliipa jina la Yesu. Hapo ubwana wa Yesu ulitangazwa kwa mizinga. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa aliyelelewa na Wareno Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, aliasi, akaiteka ngome na kuwaua Wareno na Wakristo waliokuwamo mjini. Baada ya kuzingirwa tangu 1696 ngome iliangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Mazungumzo ya wenyeji hayakulishika sana jina la Kireno. Jengo liliitwa Ngome tu, na mahali pake Ngomeni. Bendera hubadilishwa kwa siku moja, bali neno huingia katika lugha kwa ridhaa ya wasemaji wake.

Johann Ludwig Krapf alikuja kukaa Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji, na sura tatu za kwanza zikachapishwa Marekani mwaka 1847. Mji aliofikia ulikuwa na waungwana, mahuru na watumwa, na mipaka baina yao ilijulikana kwa mavazi, kwa kazi na kwa namna ya kuitana. Mashamba ya bara, ng'ambo ya kisiwa, yalilimwa na watumwa ambao mabwana zao wengi walikaa katika nyumba za mawe za Mji wa Kale. Kwa mtu wa namna hiyo, bwana hakuwa mfano. Alikuwa mtu mwenye jina na mlango wake ulijulikana.

Baada ya ujumbe wa Sir Bartle Frere na mkataba wa mwaka 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini, Chama cha Kimisionari cha Kanisa la Uingereza kilianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa upande wa Kisauni, mkabala wa kisiwa. Makazi hayo yakaitwa Freretown, na kengele yake imeacha jina la Kengeleni hadi leo. Pamoja na waliotolewa majahazini, walikuja watoro kutoka mashambani, wengi wao wakikimbilia Rabai. Hapo ndipo neno bwana lilipokuwa jambo la kisheria. Wenye watumwa wa Mombasa walidai kurudishiwa watu wao, na amani ya pwani ikawa mashakani. Mwishoni George Mackenzie, wa kampuni ya Kiingereza iliyopewa mamlaka ya pwani, alipanga mabwana walipwe fidia. Na siku ya tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Hali ya utumwa yenyewe haikuondolewa katika sheria ya pwani ya Kenya hadi mwaka 1907.

Ungamo katika vinywa vya waliokombolewa

Ni watu hao, kwa sehemu kubwa, waliokuwa kanisa la kwanza la Kiswahili katika Mombasa. Hapana budi kuuliza walisikia nini walipofundishwa kusema "Yesu ni Bwana".

Mtu angetazamia wafundishwe neno jingine. Katika jamii ya mji, kinyume cha mtumwa hakikuwa bwana pekee, bali pia mwungwana. Lakini mwungwana ni neno la hadhi; halina uhusiano ndani yake. Mtu aweza kuwa mwungwana peke yake kisiwani. Ungamo halikuwaahidi uungwana kwa maana hiyo. Liliwapa Bwana mwingine, na kwa kufanya hivyo likafuta dai la yule wa kwanza.

Sura ya 7 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho inalieleza jambo hili kwa msamiati ambao ungefahamika Rabai pasipo maelezo. Paulo anasema kwamba aliyeitwa akiwa mtumwa ni huru wa Bwana, na aliyeitwa akiwa huru ni mtumwa wa Kristo. Tena kwamba wamenunuliwa kwa thamani, na kwa hiyo wasiwe watumwa wa wanadamu. Katika sheria ya Kirumi, kama ilivyokuwa katika sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, mtumwa aliyeachwa huru alibaki ameambatana na aliyemwachilia kwa kifungo cha heshima na ulinzi. Huru wa Bwana, basi, si mtu asiye na mwenyewe. Ni mtu ambaye mwenyewe wake amebadilika. Kwa msomaji wa leo, thamani iliyolipwa ni lugha ya mafumbo. Kwa mtu aliyeshika hati mkononi mwaka 1889, ilikuwa ni fedha iliyohesabiwa na kupokewa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katika Waraka kwa Wafilipi, sura ya 2, neno bwana na neno mtumwa yanakutana katika nafsi moja. Yule ambaye kila ulimi utamkiri kuwa ni Bwana ndiye aliyetwaa kwanza hali ya mtumwa, akafa kifo cha msalaba, ambacho Warumi waliwawekea hasa watumwa na waasi. Katika Mombasa ya karne ya 19 hapakuwa na mfano wa bwana wa namna hiyo. Mabwana walijulikana kwa kutotumwa. Mtumwa ndiye atumwaye, na neno lenyewe lasema hivyo. Kuungama kwamba Bwana alikuwa mtumwa kulivunja mpangilio wa maana wa neno, si kwa kuliondoa bali kwa kulijaza kitu kilichokuwa kinyume chake.

Haifai kuficha kwamba desturi ya misheni haikulingana daima na ungamo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 wasimamizi wa Freretown walilaumiwa kwa kuwachapa viboko watu waliokombolewa. Wamisionari nao waliitwa bwana, na katika enzi ya ukoloni kila Mzungu aliitwa hivyo kwa haki ya rangi yake. Wapo waliosema kwamba neno lililobeba mjeledi halifai kulibeba jina la Mwokozi. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli. Hata hivyo, ungamo lenyewe ndilo lililowapa wanyonge kipimo cha kuwahukumu mabwana hao wadogo. Kama Bwana ni mmoja, wengine wote wanaotumia cheo hicho wamekikopa.

Jozi iliyotenganishwa

Watafsiri wa Kiswahili walitofautiana juu ya mengi. Kazi ya Steere na wenzake wa Unguja ilizaa Biblia nzima mwaka 1891. Mombasa ilishika Kimvita, lahaja iliyotetewa kwa bidii na William Taylor, ikapata Agano Jipya mwaka 1909 na Biblia mwaka 1914. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na tafsiri ya muungano ikakamilika mwaka 1952. Katika ubishi huo wote wa lahaja, bwana halikuwa na mpinzani.

Tafsiri ya muungano ilihifadhi mambo mawili. Paulo, katika mstari wa kwanza wa Warumi, ameitwa mtumwa wa Kristo, na pia mtume. Maneno hayo ni ndugu wa shina moja, -tum-: mtumwa ana kiambishi cha kutendwa, ilhali mtume ana kiishio -e, kama kiumbe na mteule, ambacho nacho hutaja mwenye kutendewa. Wote wawili ni watu waliotumwa. Uhusiano huo wa Kiswahili haumo katika Kiyunani, ambacho kina mashina mawili tofauti. Ni zawadi ya lugha kwa msomaji wake, nayo yamwonyesha kwamba heshima ya mtume imo katika kuwa mtu wa Bwana. Jambo la pili, jina la Mungu katika Agano la Kale limeandikwa BWANA kwa herufi kubwa zote. Jicho huona tofauti, sikio halioni. Yoeli anaposomwa kanisani na kisha Warumi 10, msikilizaji husikia neno moja, kama alivyosikia msikilizaji wa Kiyunani.

Biblia Habari Njema, iliyotolewa kamili mwaka 1996 baada ya Agano Jipya lake la miaka ya 1970, ilifuata njia nyingine. Jina la Mungu katika Agano la Kale limekuwa Mwenyezi-Mungu, na Paulo amekuwa mtumishi wa Kristo. Maamuzi yote mawili yana sababu. La kwanza linaondoa utata kati ya Mungu na bwana wa kawaida. La pili linaepuka neno lililojeruhi vizazi. Lakini gharama yake yapasa kuhesabiwa. Yoeli na Paulo sasa hawatumii neno moja, na msikilizaji hawezi tena kulitambua dai kwa sikio. Na mtumishi si mwenzi wa bwana katika jozi ya zamani. Mtumishi huajiriwa, hulipwa, na aweza kuacha kazi mwisho wa mwezi. Serikali ina watumishi, hospitali ina watumishi. Penye mtumishi, bwana hupungua akawa mwajiri.

Pigo jingine limetoka kwa mazoea. Uamsho uliotokea Rwanda na kuingia Kenya mwaka 1937 ulieneza salamu ya kumsifu Bwana, ambayo leo hufungua mikutano, harusi na hata hotuba za wanasiasa. Waliozianza salamu hizo walitangaza kwazo kwamba wamebadili mwenyewe. Wengi wanaozitoa sasa huzitoa kama hodi mlangoni. Neno limerudi ukumbini, kwenye maana ya heshima.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba maana ya "Yesu ni Bwana" katika Kiswahili haimo katika neno bwana peke yake. Imo katika muundo wa kauli, unaolifanya neno kuwa la uhusiano. Imo katika jozi ya bwana na mtumwa, inayosimama sambamba na ile ya Mola na mja. Na imo katika historia ya watu waliolisema ungamo hilo wakimjua kwa jina bwana waliyekuwa wakimkana.

Kwa mwalimu wa lugha, funzo ni kwamba kisawe kizuri hakipimwi kwa neno mojamoja, bali kwa maneno linayoandamana nayo. Kwa mtafsiri, funzo ni gumu zaidi. Neno mtumwa lina jeraha ndani yake, na wapo katika Mombasa wanaojua ukoo wao ulikotoka; hapana mwenye haki ya kuwalazimisha walipende. Lakini Freretown na Rabai ungamo lilipokewa na waliolijua jeraha hilo kuliko mtu mwingine yeyote, nao walimchagua Bwana aliyelivaa neno hilo kabla yao. Likifutwa katika ukurasa kwa ajili ya kuwahurumia wajukuu, pamoja nalo hufutwa kile babu zao walichokisema.